Kisanamu cha Kale cha Porseleni Kinapoonyesha Kasoro: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Wenye visanamu vya kale vya porseleni vilivyopakwa rangi kwa mkono huleta malalamiko yaleyale: shingo imegeuka manjano, kuna mstari ambao haukuonekana mwaka jana, rangi imehamia kwenye kitambaa cha kufutia, ua limevunjika. Jibu la kila lalamiko hutegemea swali moja ambalo wengi hulisahau kwa sababu wamekwisha kushika sifongo au gundi: je, kasoro hii imetoka tanurini, imeletwa na umri, au imeachwa na mkono wa mtu aliyewahi kukitengeneza kisanamu hicho? Kasoro ya tanurini haihitaji tiba yoyote. Ile ya umri huhitaji tahadhari. Ile ya mkono wa mtu ndiyo inayopatikana mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayofichwa kwa ustadi zaidi.

Ni vyema kukumbuka jinsi kisanamu kinavyotengenezwa. Kiwiliwili, kichwa, mikono, miguu na maua hufinyangwa au kumiminwa katika kalibu mbalimbali, kisha mafundi huviunganisha kwa uji wa udongo. Umbo zima husinyaa likikauka na kuchomwa. Kwa porseleni ngumu, upungufu hukaribia sehemu moja ya sita ya kipimo cha awali. Porseleni ngumu, yenye kaolini (udongo mweupe) na madini ya feldspa, huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hadi 1,400 za Selsiasi na kufunikwa kwa glezi, yaani tabaka jembamba la kioo. Rangi nyingi tunazoziona ni enameli, yaani rangi yenye unga wa kioo, iliyopakwa juu ya glezi na kuchomwa tena kwa joto dogo zaidi, la nyuzi 700 hadi 850 hivi. Kwa hiyo mwili wa kisanamu ni mgumu kuliko sura yake, na mtu akikisugua kana kwamba vyote viwili vina nguvu sawa, sura ndiyo itakayotangulia kuondoka.

Kabla ya uchunguzi wowote

Tandika taulo nene juu ya meza, vua pete na saa, osha mikono na uikaushe vizuri. Glavu za pamba hazifai, kwa kuwa huteleza juu ya glezi na kunasa kwenye petali. Kishike kisanamu kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya kitako na mwingine ukiegemeza kiwiliwili, na usikinyanyue kamwe kwa kichwa, kwa mkono ulionyooshwa au kwa kichaka cha maua kilicho nyuma yake. Vifaa vinavyohitajika ni taa inayoweza kumulika kutoka pembeni, lenzi inayokuza mara 10, brashi laini ya rangi za maji, pamba ya vijiti, maji yaliyokenekwa na, ikiwezekana, tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) ambayo hutaielekeza machoni. Piga picha kabla ya kugusa chochote, kwa sababu bila picha ya mwanzo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ufa umerefuka.

Sehemu moja imegeuka manjano au kahawia

Dalili hii huonekana shingoni, kwenye viganja vya mikono, pembeni mwa kofia na kwenye vifundo vya miguu. Mahali ilipo ni dokezo la kwanza la sababu, maana hizo ndizo sehemu zinazovunjika kwanza. Sababu ya kawaida kuliko zote ni rangi ya ukarabati wa zamani: fundi aliunganisha kipande, akaficha kiungo kwa rangi na vanishi, na miaka ilipopita vanishi ikageuka manjano huku glezi inayoizunguka ikibaki nyeupe kama ilivyotoka tanurini. Sababu ya pili ni mafuta ya vidole, moshi na vumbi vilivyogandamana, na hapo umanjano huenea bila mpaka na kuzidi kwenye mikunjo. Sababu ya tatu si kasoro hata kidogo. Porseleni laini, iliyotengenezwa bila kaolini katika karakana kama Chelsea na Bow za Uingereza au Vincennes ya Ufaransa, huweza kuwa na weupe wa maziwa unaotofautiana na weupe baridi wa porseleni ngumu. Lakini weupe huo huenea kisanamu chote, haukai shingoni peke yake.

Anza kwa kumulika kutoka pembeni. Glezi halisi hurudisha mwanga kwa ukali ulio sawa, ilhali rangi ya ukarabati huonekana butu, au hung'aa kwa namna ya plastiki, na chini ya lenzi huonyesha vipovu vidogo, michirizi ya brashi au chembe za rangi iliyopulizwa. Chini ya urujuanimno katika chumba chenye giza, rangi ya ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na glezi, na sheleki (vanishi ya asili) ya kale hutoa rangi ya machungwa. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya kisasa having'ai, kwa hiyo kutoona kitu si uthibitisho kwamba kisanamu ni kizima. Wapo wanaogusa kisanamu kwa meno ili kuhisi ugumu wa glezi, na wapo wanaokichokoa kwa sindano. Njia hizo hutoa jibu, lakini sindano huacha alama, na lenzi hutoa jibu lilelile bila madhara.

Ikiwa ni uchafu, bingirisha pamba iliyolowa kidogo maji yaliyokenekwa, ukibadilisha pamba kila inapochafuka. Wahifadhi wa makumbusho hutumia hata mate yao wenyewe, kwa kuwa vimeng'enya vya mate hulegeza uchafu ambao maji matupu hayauwezi. Si jambo la kuona haya. Ikiwa ni rangi ya ukarabati, simama hapo. Asetoni itaiondoa, ni kweli, lakini huenda ikalegeza pia gundi iliyoshikilia kichwa, na hapo mwenye kisanamu aliyetaka kuondoa doa hujikuta ameshika vipande viwili.

Kuna mstari, na haijulikani kama ni ufa

Hapa ndipo watu huogopa bila sababu, au hukosa kuogopa inapopasa. Mistari ni ya aina nne, na inafaa kuichunguza kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni alama ya kalibu. Hupita ubavuni mwa kiwiliwili au kando ya mguu, imeinuka kidogo badala ya kuzama, na glezi huifunika bila kukatika. Haihitaji kitu.

Ya pili ni ufa wa tanurini. Udongo uliposinyaa, sehemu nene na sehemu nyembamba hazikusinyaa kwa mwendo mmoja, na mahali zilipokutana pakafunguka. Ufa wa namna hii kwa kawaida ni mpana kuliko unywele, hukaa kitakoni au mahali viungo vilipounganishwa, na chini ya lenzi kingo zake ni za mviringo kwa sababu glezi iliyeyuka na kuingia ndani yake. Mara nyingine mchoraji wa zamani alipaka jani au mdudu juu yake ili kuuficha, na mdudu huyo ni sehemu halali ya kisanamu. Muuzaji anayeuita uharibifu amekosea, na mnunuzi anayedai upunguziwe bei kwa ajili yake anaweza kujibiwa kwa heshima kwamba kisanamu kilizaliwa hivyo.

Ya tatu ni ufa mwembamba kama unywele uliotokana na pigo. Kingo zake ni kali, unakata glezi na enameli pamoja, na uchafu ulioingia ndani huupa rangi ya kijivu au kahawia. Ukiangaza taa kwa nyuma katika sehemu nyembamba, huonekana kama uzi mweusi. Wengi hugonga kwa ukucha na kusikiliza: chombo kizima hulia, kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hicho kinafaa kwa bakuli; kwa kisanamu chenye viungo vingi, uwazi ndani na maua nje, sauti hupotosha.

Ya nne ni kiungo cha kale kinachoachia. Mstari huzunguka mkono au shingo yote, unang'aa kwa gundi iliyofura au umejaa weusi, na ukivuta pumzi karibu nao unaweza kuona kipande kikicheza. Usijaribu kukichezesha ili kuthibitisha.

Ufa wa pigo haupaswi kulowekwa. Maji huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida, yakibeba uchafu kuupeleka ndani zaidi. Weka alama ya mwisho wa ufa kwenye picha, si kwenye kisanamu, kisha ulinganishe baada ya miezi michache. Ukirefuka, au ukipita shingoni, kwenye kifundo cha mguu au mahali popote panapobeba uzito, peleka kwa mhifadhi wa kauri bila kusubiri.

Mtandao wa nyufa ndogo umeenea kwenye glezi

Glezi na mwili vikisinyaa kwa viwango tofauti, glezi hubaki imevutwa na hatimaye hukatika kama tope la ziwa lililokauka. Jambo hili ni la kawaida kwa porseleni laini na kwa vyombo vya udongo uliochomwa kwa joto dogo, ambavyo mwili wake hunyonya unyevu na kutanuka polepole kwa miaka mingi. Porseleni ngumu hupata mtandao huo kwa nadra, na kwa hiyo ukiukuta katika eneo moja tu la kisanamu cha porseleni ngumu, shuku kwanza kwamba eneo hilo limefunikwa kwa vanishi ya ukarabati iliyokauka na kupasuka.

Mtandao wenyewe haurudi nyuma. Kinachowaudhi wenye visanamu ni madoa ya kahawia yanayojaa ndani yake, na hapo ndipo hutokea kosa la gharama kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: kukitumbukiza kisanamu katika dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Weupe hurudi kwa siku kadhaa, mwenyewe hufurahi, kisha mabaki ya chumvi yaliyonyonywa na mwili huanza kuganda kuwa fuwele chini ya glezi na kuibandua. Mhifadhi huweza kupunguza madoa hayo kwa haidrojeni peroksaidi iliyopimwa na kushikiliwa kwa kitambaa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna dhahabu dhaifu, kiungo cha kale wala chuma ndani. Usiige kazi hiyo nyumbani.

Ukiona unga mweupe unaochomoza kwenye mtandao huo au kitakoni pasipo na glezi, na unga huo ukarudi baada ya kupanguswa, ni chumvi kutokana na kuoshwa vibaya zamani. Weka kisanamu mahali penye unyevu usiopanda na kushuka, usikioshe tena, na utafute mtaalamu.

Rangi inahamia kwenye pamba au inabanduka

Pamba ikishika rangi, acha kazi mara moja, hata kama ni alama ndogo kama punje ya mtama. Enameli iliyochomwa haiyeyuki kwa maji, kwa hiyo rangi inayotoka haikuchomwa. Mara nyingi ni rangi ya ukarabati. Mara chache zaidi ni rangi halisi ya kale iliyopakwa bila kuchomwa, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu ikiondoka haitarudi. Baadhi ya visanamu vyeupe vilivyotoka Dehua, katika jimbo la Fujian nchini China, vilipakwa rangi za aina hii baada ya kuchomwa, na vingi sasa ni vyeupe kabisa kwa sababu vizazi vya watu wasafi vilivisugua.

Namna ya kuzitofautisha ni kutazama rangi ilikobaki. Rangi halisi isiyochomwa huwa imekwaruzika kwenye pua, magoti na sehemu zote zilizoinuka, na imebaki kwenye mikunjo ya nguo, masikioni na katikati ya nywele. Rangi ya ukarabati haifuati mantiki hiyo. Hukaa kama kiraka, hupanda juu ya glezi safi iliyo jirani, na chini yake mara nyingi pana mstari wa kiungo.

Enameli iliyochomwa nayo huweza kubanduka kwa vigae vidogo. Kwenye porseleni laini, enameli huzama ndani ya glezi na kuonekana kama imeyeyukia humo. Kwenye porseleni ngumu hukaa juu, na ikiwa imepakwa nene inaweza kuachia, hasa pale joto na ubaridi vinapopishana kwa kasi. Usikibandike kigae kwa gundi wala usikipanguse vumbi hapo hata kwa brashi. Aidha, enameli za kale zilichanganywa na risasi ili ziyeyuke kwa joto dogo, na vumbi lake halifai kuvutwa wala kuachwa mahali watoto wanapofikia. Kwa sababu hiyohiyo ya risasi, siki na ndimu, ambazo hutajwa kila mara kama dawa za asili, huishambulia enameli na kuifanya butu. Mashine ya kuoshea vyombo hukusanya maovu yote pamoja: joto, magadi makali na msukumo wa maji.

Dhahabu imefifia

Mara nyingi sababu ni kupanguswa tu. Dhahabu ya karne ya 18 ilipakwa kama unga, ikachomwa, kisha ikasuguliwa hadi ing'ae, na hivyo ina unene kiasi. Dhahabu ya majimaji iliyoenea katika karne ya 19 hung'aa moja kwa moja kutoka tanurini bila kusuguliwa, lakini ni nyembamba mno na huondoka kwa kitambaa kikavu. Kwa aina zote mbili dawa ni kuacha kupangusa na kutumia brashi laini peke yake. Rangi ya dhahabu ya madukani hugeuka kahawia baada ya muda, na aliyepaka hulazimika kulipa mtu wa kuiondoa.

Utando wenye rangi za upinde wa mvua kuzunguka enameli, hasa ya samawati, hudhaniwa kuwa mafuta au sabuni. Kwa kawaida ni mabadiliko ya uso yanayohusiana na risasi ya enameli. Ukibaki vilevile baada ya pamba yenye maji kupita, uache.

Kidole, ua au mkono umevunjika

Mchongaji Johann Joachim Kändler alipoingia katika kiwanda cha porseleni cha Meissen, Ujerumani, mwaka 1731, alikifundisha kisanamu cha porseleni kutanua mikono, kuinama na kucheza, na mitindo yake, pamoja na bendi ya nyani wanamuziki ya mwaka 1753, iliigwa kote Ulaya. Tunalipa gharama ya uhai huo hadi leo, kwa kuwa kila kinachochomoza huvunjika. Visanamu vyenye nguo za lesi ni dhaifu zaidi: lesi halisi ilichovywa katika uji wa porseleni, nyuzi zikaungua tanurini, na kilichobaki ni utando mwembamba usiovumilia hata kuguswa kwa brashi.

Kikivunjika, okota kila kitu, hata makombo, na ufunge kila kipande peke yake katika karatasi laini. Usivikutanishe vipande mara kwa mara kuona kama vinaingiana, maana kila unapovikutanisha kingo husagana na kiungo hupoteza ukali wake. Usivishike pamoja kwa utepe wa kunata, kwani utepe hubandua dhahabu na rangi. Na usitumie gundi kali inayokauka papo hapo. Hukauka kabla hujalinganisha, na kosa dogo lisiloonekana katika kiungo cha kwanza huongezeka kiungo hadi kiungo, hata kipande cha mwisho kikose nafasi. Wahifadhi hupendelea gundi ambazo huweza kuondolewa baadaye, kama Paraloid B-72 inayoyeyuka kwa asetoni, au epoksi angavu pale nyufa za porseleni ngumu zinapohitaji gundi nyepesi. Kwa kisanamu kisicho na thamani sokoni, chenye mvunjiko mmoja safi usiobeba uzito, mwenye mkono mtulivu anaweza kutumia Paraloid ya bomba katika chumba chenye hewa, baada ya kulinganisha vipande bila gundi mara moja tu. Zaidi ya hapo, ni kazi ya mtaalamu.

Ikiwa kipande kimepotea kabisa, sioni haraka ya kukibuni. Nimeona mpiga filimbi aliyepewa viganja vipya vilivyofumba ngumi, kwa sababu fundi hakujua alichokuwa ameshika. Kujaza pengo kunahitaji mfano halisi wa umbo lilelile, na kunapaswa kuandikwa katika kumbukumbu za kisanamu ili mnunuzi wa baadaye asidanganywe.

Doa la rangi ya kutu linalochomoza kwenye kiungo lina maana nyingine. Mafundi wa zamani waliingiza pini za chuma ndani ya mikono na shingo, na chuma kikipata unyevu hufura na kupasua porseleni kutoka ndani. Usilowanishe, usivute, na usisubiri. Kati ya dalili zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo isiyotulia yenyewe.

Kitu kinagonga ndani, au alama ya chini imekwaruzwa

Mlio wa ndani mara nyingi ni kombo la udongo lililobaki humo tangu utengenezaji. Lakini kama ulianza baada ya kisanamu kuanguka, huenda ni pini au plasta iliyoachia. Ama mikwaruzo iliyokatiza panga mbili zilizopishana, ambazo ni alama ya kiwanda cha Meissen, ikiwa imesagwa makusudi, ni njia ya kiwanda ya kuonyesha kwamba kipande hakikufikia daraja la kwanza. Eneo lililosagwa hadi alama yote kutoweka ni suala jingine, na huulizwa muuzaji.

Kisanamu kinayumba au kimegeuka chenyewe

Kitako kilichopinda tanurini huyumbisha kisanamu tangu siku ya kwanza, na hakipaswi kusagwa ili kikae sawa. Kisanamu kinachobadilisha mwelekeo kwenye rafu ya kioo hakina pepo. Mwaka 2013 sanamu ndogo ya Misri katika jumba la makumbusho la Manchester ilionekana kujizungusha ndani ya kabati lake, na sababu ikapatikana kuwa mitetemo ya magari na nyayo za watu. Sogeza kabati mbali na mlango, ngazi na spika, punguza ulaini wa rafu, na uweke vijidonge vidogo vya nta ya makumbusho chini ya kitako. Kwenye kitako kisicho na glezi, tanguliza kipande cha filamu ya plastiki kati ya nta na udongo, ili mafuta ya nta yasinyonywe. Unapotaka kukiondoa, kizungushe taratibu ukiwa umekishika chini kabisa, kwani anayekivuta juu kwa mabega huondoka na mabega.